Bima ya Baba Iko Ohio

Kwenye basi la chuo, hapa Oregon, magharibi kabisa mwa Marekani, kijana mmoja aliyevimba kifundo cha mguu alikuwa akijigamba kwa mama aliyekaa naye. Beji ya mama huyo ilisema ni Lorraine, muuguzi wa zahanati ya chuo.

"Bima ya afya ya chuo niliikataa kwenye fomu," alisema kijana. "Nina ya baba, ya jimbo la kwetu, Ohio."

"Na madaktari wa bima hiyo wako wapi?"

"Ohio."

"Na mguu wako uko wapi?"

Kijana aliutazama mguu kana kwamba jibu limeandikwa kwenye soksi. "Bima ni bima, mama."

"Eti bima ni bima! Hiyo huku inalipa dharura tu, ukiletwa umebebwa. Ya chuo ingekupa daktari, picha ya mfupa na mtu wa kukunyoosha mguu. Tumewaandikia wanafunzi wote mara nne!"

"Nani anasoma masharti ya kurasa arobaini?"

"Na masharti ya hiyo simu yako, uliyasoma?"

"Hapana."

"Angalau hubagui. Ujinga wako unatosha kila mahali."

Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao, nilijificha nyuma ya skafu yangu nicheke.

"Mwisho wa kujiandikisha bima ya chuo ni leo saa kumi na moja jioni," Lorraine aliendelea. "Ofisi yake iko kwenye kituo hiki tunachofika."

"Nitampigia baba kwanza."

"Una miaka mingapi wewe?"

"Ishirini na mbili."

Basi likasimama. Lorraine akashuka bila kuaga. Kijana akamfuata akiruka kwa mguu mmoja, huku akimpigia kelele kwamba mguu wenyewe wala haumuumi.