Mama Mabara na Ubao wa Pangea

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza stoo ya jiografia ya shule yetu, Mama Mabara anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Alianza kama mfagizi. Siku moja alikuta mbao zimetupwa nyuma ya karakana, akaazima msumeno, akachonga mabara yote na kuyalaza juu ya ubao mkubwa aliousugua kwa nta. Ukiyasukuma pamoja unapata Pangea, lile bara moja kubwa la zamani. Ukiyatenganisha polepole, unafika dunia ya leo. Hata walimu wetu wawili waliwahi kuyasukuma wakiwa wanafunzi.

Darasani tunasoma kwa Kiingereza, na mimi huitikia tu ili nisiulizwe. Stooni Mama Mabara alinieleza kwa Kiswahili kwamba mabara yanasogea taratibu kama kucha zinavyoota. Wiki nzima nilikuwa natazama kucha zangu. Ndipo somo likaniingia.

Wageni wa maonyesho ya mwaka juzi nao hawajamsahau. Alishika Amerika ya Kusini aitenge na Afrika, ikagoma. Akavuta kwa nguvu, ubao mzima ukamfuata.

"Jamani, hata yale ya kweli hayakuachana kwa siku moja!" akasema, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mkuu wa shule hakucheka. Mama Mabara alipewa barua ya onyo kwa kutokagua vifaa, barua pekee ya aina hiyo katika miaka yake yote.

Aliyeyagandisha ni mimi. Jioni ya kuamkia maonyesho nilipangiwa zamu ya kufagia stoo, nikaona vipande vinateleza, nikajitia kusaidia kwa gundi ya mbao. Kisha nikanyamaza, kwa woga tu.

Jumatatu hii nilimwendea. Nililia kabla sijasema neno.

"Mwanangu, gundi ilikuwa imekukaukia kwenye mkono wa sweta," akaniambia. "Nilijua siku ileile. Lakini wewe, kuitwa mbele ya shule nzima? Si ungezimia!"

Mkuu wa shule, naomba barua ile itolewe kwenye faili lake kabla ya Ijumaa, iandikwe upya kwa jina langu, lililo kwenye orodha ya zamu ya jioni ile. Nikiitwa mbele, nitakuja.

Mama Mabara, asante kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema, na uondoke hapa na faili safi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu