Nicodemus Odera Wandera, Aliyeuliza Huko Kukoje

Marehemu Nicodemus Odera Wandera alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 katika kijiji kilicho karibu na Funyula, Busia. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Wandera na marehemu Mama Ajiambo. Mamake alipenda kusimulia kwamba siku hiyo mvua ilianza alfajiri, mkunga akakwama ng'ambo ya mto, na mtoto akapokelewa na nyanyake. Mwaka wa 1963 babake, aliyekuwa kibarua kwenye shamba la mkonge upande huu wa Voi, aliagiza familia imfuate. Walisafiri kwa treni. Nicodemus aliposhuka kwenye stesheni ya Voi alitazama vumbi jekundu pande zote, akamshika babake suruali na kumuuliza, "Baba, nyasi za huku ziko wapi?"

Alisoma shule ya msingi Voi, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1971 na kufaulu vizuri. Akajiunga na kidato cha kwanza. Mwishoni mwa mwaka wa 1973 babake aliugua kifua na hakuweza tena kukata mkonge, kwa hivyo Nicodemus akaacha shule akiwa kidato cha pili ili mdogo wake, Ronald, aendelee. Hilo hakulizungumzia sana. Ila binti yake Yvonne, anayewasomea wasifu huu, alipomaliza chuo aliona babake amekaa nyuma kabisa ya ukumbi, amefunika uso kwa kofia, mabega yanatetemeka.

Mwezi wa Agosti 1976 aliajiriwa na shirika la reli, akawekwa kwenye gangi iliyotunza njia kati ya Voi na Maungu. Kazi yenyewe ilikuwa nyundo, mataruma ya kulaza reli na jua. Wakati wa kiangazi chuma hupanuka mpaka reli ikaanza kupinda, kwa hivyo vijana wa gangi walifundishwa kuliangalia joto kama mama anavyoangalia maziwa jikoni. Huko ndiko alikopata tabia ya kutoka nje kila asubuhi kabla ya chai na kusimama uani, kichwa juu, bila kumsemesha mtu. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka wa 2006, alipopunguzwa pamoja na wenzake wengi. Baadaye alifungua kibanda cha kutengeneza radio karibu na soko la Voi.

Mwaka wa 1982, tarehe 4 Disemba, alifunga ndoa na Kavinya, binti ya Mzee Kaloki Muli wa Mbololo, katika kanisa la Anglikana. Haikuwa rahisi. Upande wa Busia waliuliza kama wasichana wa kwao wamekwisha. Mzee Kaloki naye alimkalisha kijana kwenye kigoda, akamuuliza, "Wewe mtu wa ziwa, utaweza kuishi mahali ambapo mvua inakosa mwaka mzima?" Nicodemus akajibu kwamba ameshaishi hapo miaka mingi kuliko aliyoishi kwao. Siku ya harusi yenyewe mvua ilimwagika, pikapu ikazama matopeni, na bibi harusi akafika kanisani viatu vikiwa mkononi. "Hii ni mvua ya baraka," bwana harusi alimnong'oneza. Kavinya akamjibu, "Baraka zako zimeniharibia viatu."

Mungu aliwajalia watoto watatu: Yvonne Mumbe, Morris na Branice Ajiambo.

Tarehe 19 Novemba 2011 Morris alikwenda Mbololo kuchukua mbegu kwa nyanyake. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Voi jua lilikuwa linawaka, hata wingu la kufunika kiganja halikuwepo. Alirudi na pikipiki kwa ile njia ya mto mkavu, kama alivyopita asubuhi na kama wote tunavyopita. Hakujua kwamba huko juu milimani mvua kubwa ilikuwa inanyesha tangu saa sita. Maji yalimkuta katikati. Walimpata kesho yake.

Baada ya kumzika Mbololo, Nicodemus hakulia mbele ya watu. Alikaa kibandani na radio za wenyewe zikarundikana bila kuguswa. Kavinya alimsikia akirudia maneno yaleyale, kama mtu anayemlaumu aliyeketi karibu naye: "Na hapa kulikuwa na jua. Na hapa kulikuwa na jua, Mama Yvonne."

Ilichukua miaka. Mwezi wa Februari 2016, Branice alipomnunulia simu ya kisasa, jambo la kwanza alilotaka kufundishwa ni jinsi ya kufungua kundi la kutumiana ujumbe. Alikuwa amekutana kibandani na Mwalimu Sylus, mkazi wa Ronge kule milimani, aliyeleta radio ya shule, akamuuliza, "Mwalimu, siku mvua ikinyesha kwenu, unaweza kuniambia?" Mwalimu akaona ni jambo dogo. Kundi likaitwa Huko Kukoje. Aliingia Mwalimu, akaingia Mzee Koki mwenye shamba Mbololo, akaingia Mama Katuku wa Mraru anayefuga mbuzi, na wengine baada yao. Kazi yao ilikuwa moja: wa milimani akiona mvua, aseme, na wa chini waondoke mtoni.

Mvua ilipoonekana Ronge, Nicodemus alifunga kibanda, akaenda kusimama kivukoni, pale njia inapokata mto mkavu, na kuburuta tawi la mgunga katikati ya njia. Vijana wa bodaboda walimtukana. "Mzee, toa hiyo kitu, jua hulioni?" Yeye alijibu, "Naliona," na hakutoa tawi. Mara nyingine maji yalikuja, mara nyingine hayakuja, na siku yasipokuja alirudi nyumbani akiwa amechekwa na mji mzima. Siku yalipokuja alirudi akiwa kimya zaidi. Kavinya alimwekea chakula tu. Alijua mumewe ametoka kumngojea nani.

Lakini mvua huku ni chache. Kundi lililoundwa kwa ajili ya mafuriko lilijikuta Januari, Februari, hadi Machi halina la kutangaza, na badala ya kunyamaza, watu wale wakaanza kuzungumza. Huo ndio ukawa uhai wake. Kila asubuhi Nicodemus aliandika, "Habari zenu. Hapa Voi joto limeamka kabla yetu. Huko kukoje?" Koki angejibu kwamba kuku wanapanua midomo kama wanakwaya. Mama Katuku angesema upepo umebeba shuka zake mpaka barabara ya Taveta na lori limezikanyaga. Mwalimu angewatumia picha ya ukungu wa Ronge, wote wakamwambia anaringa. Kutoka hapo walihamia kwenye magoti yanayouma, bei ya unga, mtoto aliyekataa shule, ndovu waliovunja tangi la maji. Wengi wao hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Koki alipofiwa na mkewe, aliandika tu, "Huku leo kumetulia sana." Nicodemus alisoma hayo mara mbili, akampigia simu papo hapo. Hakukosea.

"Wewe unaongea na hao watu kuliko unavyoongea na mimi," Kavinya alilalamika.

"Wewe nakuona," alimjibu. "Nikuulize kwako kukoje, na tuko kitanda kimoja?"

Mwezi wa Juni 2024 sauti yake ilianza kukwaruza. Alisema ni vumbi. Akanywa tangawizi, akanywa dawa za dukani, akaacha hata kuimba kanisani. Mwezi wa Disemba madaktari wa Mombasa walimwambia ni saratani ya koo na kwamba imekwenda mbali. Kufikia katikati ya Januari mwaka huu hakuweza kutoa neno lolote. Mtu aliyekuwa akisikika kutoka kibandani hadi stendi sasa alipiga meza kwa kidole akitaka maji.

Ila kwenye kundi hakuna lililobadilika. Huko aliendelea kutania na kubishana kuhusu mawingu, akimwambia Koki kwamba jogoo wake ni mvivu. Kavinya hakulipenda hilo. Alimwambia, "Hao ni marafiki zako. Waambie ukweli." Nicodemus akachukua simu, akaandika taratibu, akampa aisome: "Waache kwanza. Huko bado nina sauti."

Familia ikaheshimu. Kisha siku moja ya Februari Mama Katuku, bila kujua lolote, aliandika kwamba macho yake yanamsumbua na maandishi hayaoni vizuri. "Baba Yvonne, kuanzia leo nitumie sauti. Nataka nikusikie ukinieleza hilo joto la Voi."

Siku hiyo hakujibu. Kesho yake vilevile. Simu iliita-ita juu ya stuli, naye amegeukia ukuta. Watu wakaanza kuulizana kama kuna aliyemkosea. Mama Katuku akaomba msamaha bila kujua kosa lake, na hilo ndilo lililomshinda. Alimwita Kavinya kwa mkono, akampa simu, akajielekeza kidole kooni, kisha akakielekeza kwenye kinywa cha mkewe.

Kavinya, aliyelisema vibaya kundi lile kwa miaka mingi, akaketi kitandani na kubonyeza pale alipoonyeshwa. Sauti ile bado ipo. Anasema: "Mama Katuku, mimi ni Kavinya, mke wa Nicodemus. Huyu hajakasirika. Hana sauti tena, ni ugonjwa wa koo, na hawezi kupona. Anasema hapa Voi jua ni kali na bomba halijatoa maji. Na anauliza, yule mbuzi wako amepona?"

Kisha ikaja sauti ya Mama Katuku, imekatikakatika: "Mwambie mbuzi amepona. Mwambie huku Mraru kuna upepo. Mwambie... ngoja kidogo, Mama Yvonne, ngoja nitulie."

Jumamosi iliyofuata walikuja, Mwalimu, Koki na Mama Katuku. Walisimama mlangoni wakitazamana kama wageni, kwa sababu walikuwa wageni, mpaka Nicodemus alipomwonyesha Koki kidole na kuigiza jogoo anayesinzia. Walicheka wakilia. Walishinda naye mpaka jua likapoa, wakizungumza habari za joto na mahindi na ndovu, naye akiandika majibu na Kavinya akiyasoma kwa sauti. Hakuna aliyetaja ugonjwa. Walipoondoka, Kavinya aliwasindikiza hadi barabarani, na huko ndiko alikomshika Mama Katuku bega akalia kwa mara ya kwanza tangu Disemba.

Ndugu yake Ronald alipopiga simu kutoka Funyula kumkumbusha kwamba nafasi yake iko kando ya baba yao, Nicodemus alimwandikia ujumbe mrefu kuliko wote alioandika mwaka huu. Alisema anamheshimu baba, lakini mwanawe Morris yuko Mbololo na amelala peke yake muda wa kutosha. Alisema, "Kwetu sijui tena mvua inatoka upande gani. Huku najua." Ronald alipanda basi, akafika na udongo wa kaburi la baba yao ukiwa kwenye mfuko wa sukari, akasema, "Basi. Kama hutakuja, baba atakuja." Leo udongo huo utashuka pamoja naye.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 22 Machi 2025, nyumbani kwake Voi, alasiri. Mkewe alikuwa amemshika mkono, Yvonne na Branice wakiwa miguuni. Muda mfupi kabla, Mwalimu Sylus alikuwa ameandika kwamba Ronge matone ya kwanza yameanguka. Kavinya alimsomea. Alifungua macho, akatazama mlangoni, akasukuma mkono wa mkewe kidogo, kama anayemtuma mtu aende upesi. Branice alielewa. Alitoka mbio hadi kivukoni na kuweka tawi. Aliporudi, babake alikuwa ameshakwenda. Mvua haikufika Voi wala hapa Mbololo siku hiyo, na mpaka asubuhi ya leo bado haijafika. Vijana waliochimba kaburi hili wanajua ugumu wa ardhi hii.

Ameacha mjane, Mama Kavinya; mabinti zake Yvonne Mumbe na Branice Ajiambo; wajukuu; ndugu yake Ronald na jamaa wote wa Funyula; shemeji zake wa nyumba ya Mzee Kaloki Muli; wenzake wa reli walio hai; na Mwalimu Sylus, Koki, Mama Katuku na wote wa Huko Kukoje, ambao familia imewaomba wakae mbele pamoja nasi. Alitanguliwa na wazazi wake na mwanawe mpendwa Morris.

Mama Kavinya ameomba jambo moja lisemwe kabla hatujafunika. Asiwepo wa kumwambia leo kwamba mumewe alikuwa amechoka na sasa amepata nafuu. Hakuwa amechoka. Alitaka kuishi. Alitaka kula mahindi ya mwaka huu, na aliondoka akiwa bado anayatamani. Mungu ampokee hivyo hivyo, na ampe amani ambayo sisi hatukuweza kumpa.