Mama Mizunguko Avua Koti Jeupe

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, saa ya kubadilishana zamu, daktari wetu mkuu wa wodi ya wanaume atavua koti jeupe alilolivaa katika hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya jarida ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, ikaja getini kwangu. Haikukosea. Wenzake wamemwona akiwa ndani. Mimi, askari wa lango kuu, nimewaona wagonjwa wake wakitoka, na mpishi hujulikana kwa nyuso za waliokula.

Alianzia chumba cha wagonjwa wa nje, akaenda kusomea ugonjwa wa sukari, akarudi kuongoza wodi. Vyeti vyake vimetundikwa ofisini, mwenye macho akasome. Mimi nitaeleza kisichopewa cheti: alivyowamudu wagonjwa wakorofi. Na wakorofi nawajua. Nimelinda benki, nimelinda baa, nimelinda harusi ya tajiri mwenye wake wawili wasiopatana. Wote hao cha mtoto mbele ya mtu mwenye maumivu aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri.

Mgonjwa akipandisha hasira, madaktari wengine waliniita mimi na rungu langu. Yeye hakuniita hata siku moja. Alisimama tu, akasema, "Twende tukanyooshe miguu, baba," wakaanza kuzunguka uani: maabara, kwa dobi, jikoni, getini, maabara tena. Alisema watu wakitazamana hugombana, ila wakienda sambamba wote hutazama mbele. Mzunguko wa kwanza mgonjwa alinipita akifoka, mishipa ya shingo imemtoka. Wa pili anasimulia habari za mkewe. Wa tatu anauliza vidonge vimezwe kabla ya chakula au baada. Ndiyo asili ya jina Mama Mizunguko, na aliyembatiza ni mimi.

Msidhani alikuwa malaika. Ulimi wake ni wembe, na siku moja ulimkata mwenyewe. Fundi magari mmoja alilazwa na kidonda cha sukari. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimeoza, vilitakiwa vikatwe kabla uozo haujapanda na kuuchukua mguu mzima. Daktari wetu, mbiombio, akamuuliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima kama nguvu za kiume bado zipo. Ni swali la kitabibu, halali kabisa kwa mwenye sukari. Shida ni kwamba kando ya kitanda aliketi mama mkwe wa fundi, bakuli la uji mkononi.

Jamani! Fundi aliomba nguo zake. Akasema heri akaozee nyumbani kuliko kulala tena humo. Akatia sahihi kwamba anaondoka kwa hiari yake, akaja getini kwa kiti cha magurudumu, akikisukuma kwa mikono yake. Sheria ilinitaka nifungue. Nikajifanya ufunguo umekwama.

Daktari akafika anahema. Mgonjwa huyu hakuweza kutembea, basi akakishika kiti kwa nyuma, akaanza kukizungusha uani huku fundi akimporomoshea matusi bila kugeuka. Daktari akazidi kusukuma. Matusi yakaisha, ikabaki milio ya magurudumu. Walipopita tena kwangu nikamsikia fundi anasema taratibu, "Vidole kateni, dokta. Ila uso wangu mbele ya mama yule, nani ataushona?"

Kiti kikasimama. "Nimeuchana mimi," daktari akasema, "nitaushona mimi."

Akamrudisha wodini, nami nikafuata nyuma. Ulinzi una mambo mengi. Mbele ya vitanda vyote na madaktari wanafunzi, alipiga goti kwa yule mama. Akasema swali lile humuuliza kila mwanamume mwenye sukari, kijana kwa mzee; palipokosewa ni mahali pa kuulizia, na aibu ni yake, si ya mgonjwa.

Mama mkwe akakoroga uji. "Swali gani tena, mwanangu? Masikio haya ya kizee, mimi nimesikia habari za mguu tu. Haya, baba, kunywa uji, kesho ukakatwe."

Wodi ikaangua kicheko, fundi naye akacheka. Kesho yake vidole vikaenda, mguu ukabaki.

Daktari hakuishia hapo. Alidai mapazia kuzunguka kila kitanda, akamwandama mganga mkuu na mhasibu mpaka wakawa wanambadilishia njia. Mapazia yalipochelewa, alitundika mashuka ya nyumbani kwake, yenye maua. Na kila daktari mgeni alimfundisha: kabla ya kuuliza, tazama nani ameketi kando. Leo hakuna wodi isiyo na pazia.

Gari la hospitali lilipangwa kumrudisha kwake siku ya mwisho. Fundi amekataa katakata. Anampeleka yeye, na mguu ule ule ndio utakaokanyaga breki.

Daktari wetu, kwa niaba ya waliofoka na waliofokewa, asante sana. Tunakutakia mapumziko mema na afya tele. Na ukiugua, Mungu apishe mbali, njoo kwetu: wanafunzi wako watafunga pazia kwanza, ndipo wakuulize.