Bakuli la Mbegu

Basi lilipoondoka kituo cha hospitali, muuguzi alifumba macho akajifanya amelala. Zamu ilikuwa imemchosha mpaka kope. Nyuma yake fundi cherehani, sauti imemkauka, alikuwa akimlalamikia mama mmoja muuza ndizi aliyekaa naye.

"Baba nyama haitaki, maharage yanamjaza gesi. Nikasikia mbegu za maboga zina protini, zinajenga mwili. Basi kila asubuhi namkaangia bakuli zima, nikirudi jioni nalikuta tupu. Lakini mama, anazidi kukonda! Suruali sasa anaifunga kwa kamba."

"Mbegu ni nzuri, mwanangu. Unamsagia?"

"Nisage kwa nguvu zipi? Nikitoka kazini nimekwisha."

"Na mzee meno anayo?"

Fundi akatikisa kichwa. Muuguzi alifumbua jicho moja. Usingizi wake wa uongo ulikuwa umekatika.

"Kuku mnafuga?" mama aliuliza, polepole.

"Wapo, wanashinda chini ya dirisha lake." Sauti ilianza kufifia. "Wamenona hao, mpaka majirani wananiuliza nawalisha nini."

Basi lilisimama kituo cha mwisho. Kati ya hao watatu, hakuna aliyeinuka.