Marquell Hachezeshwi

Benchi la gereji ya Tairi lilitazamana na mashamba ya miwa, na asubuhi hiyo masizi ya miwa iliyochomwa yalikuwa yanadondoka mpaka kwenye vikombe vya kahawa. Wenye benchi walishafika: Tairi mwenyewe, Shemasi wa mithali, na Redio ambaye habari haikumpita. Pembeni alikaa Odell Gaskin, simu mapajani. Mwanawe Marquell alikuwa mkimbiaji wa timu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani kule kaskazini, yule wa kukumbatia mpira na kujitosa katikati ya majitu. Wiki ya pili sasa hachezeshwi, timu inasema tu anapumzika, na mji mzima haukuwa na raha.

— Goti, alisema Redio. Wanaficha.

— Goti gani? Kwenye televisheni alikuwa anatembea kama bwana harusi, alisema Tairi.

— Basi kocha ana mpwa wake anataka kumwingiza.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Shemasi. Jezi ile inambana.

— Shemasi, mithali zako zinataka kujazwa upepo.

— We cheka. Ana miaka ishirini na tisa. Mkimbiaji akikaribia thelathini wanamtema kama kapi la muwa.

— Hatemwi mtu, alisema Redio. Wanamficha makusudi. Wapinzani wadhani mgonjwa, halafu kwenye mchujo wanamfungulia kama simba.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Shemasi.

Wakacheka. Odell naye akacheka kidogo, asije akaulizwa. Kahawa yake ilikuwa imepoa, hajaigusa.

Kando yao alisimama Bi Arletha, aliyerudi mjini juzi tu baada ya miaka mingi, akingoja pancha yake izibwe.

— Samahani, alisema. Mwenyewe anasemaje?

Wote wakamgeukia Odell.

Alitaka kusema mtoto hajambo, kama alivyosema wiki nzima.

— Jumapili alinipigia, alisema. Tukaongea vizuri tu. Anataka kukata, akaniambia, baba, hebu mpe mama simu.

Mwaka juzi Shemasi alilibeba jeneza la Lorraine, mke wa Odell, na mbele yake, bega kwa bega na babake, alikuwa Marquell.

— Ukamwambiaje? aliuliza Tairi taratibu.

— Nikamwambia amelala.

— Na daktari wa timu?

— Marquell amemwambia ni shingo tu, habari ya kusahau hakuitaja. Jumapili hii wanamrudisha uwanjani. Amenipigia tena, ameniomba nisimharibie. Anasema akikaa nje tena, nafasi yake imekwenda.

Shemasi akaacha mithali zake, akamsogelea.

— Mpigie kocha, Odell.

— Atanichukia, kaka. Tangu mtoto hana kingine anachokijua ila kukimbia.

— Na akuchukie. Akuchukie huku anakujua.

Odell akainuka, akavuka barabara mpaka ukingoni mwa miwa, akaweka simu sikioni. Iliita sana. Benchini hakuna aliyeshika kikombe.

— Habari ya asubuhi, kocha, wakamsikia akisema. Mimi ni babake Marquell. Kuna jambo amekuficha.