Kishikio cha Ngazi

Sogeeni wanangu, kaeni wote watatu niwaone, na wewe kitinda mimba wangu liache hilo beseni, njoo hapa karibu na mto, maana maneno ya leo ni yako kabla hayajawa ya kaka zako, na mimi pumzi zenyewe nazipima.

Ya mali ni mafupi. Karakana ni yenu nyinyi kaka wawili, na randa ya babu yenu aichukue mkubwa, kwa sababu mdogo hana subira nayo. Nyumba hii, chini na huku ghorofani, ni ya dada yenu. Msininunie, sikilizeni kwanza.

Mnajua nilikuwa seremala wa dharura. Jeneza, kitanda cha maharusi wa Jumamosi, mlango uliovunjwa na wezi. Aliyekuja anapiga kelele ndiye niliyemshikia patasi, nikajiona mtu wa maana kwa kuwa nimekimbia kutwa nzima. Mama yenu hakuwa mtu wa kelele. Aliniomba kishikio cha ngazi ya humu ndani, vidato kumi na vinne bila cha kushika, nami nikachagua ubao, nikaupiga randa na msasa, nikauandika kwa penseli "nyumbani", nikauegemeza nyuma ya mlango wa karakana. Ukakaa hapo miaka mitatu. Ilibaki kuufunga tu, kazi ya asubuhi moja, na kila Jumatatu nilipiga kalenda. "Fundi," alikuwa akinitania, "na mimi nije nalia ndipo unisikie?" Nacheka, namwambia wiki ijayo, mama watoto, ngazi haikimbii.

Alipoanguka na kapu la nguo, jeneza lake nililimaliza kesho yake kabla ya saa sita mchana. Siku hiyo nafasi niliipata, wanangu.

Na waombolezaji walipouliza imekuwaje, nikasema mtoto alideki, ngazi ilikuwa na maji. Binti yangu, ulikuwa na miaka tisa, umesimama mlangoni unasikia. Ulideki asubuhi, yeye alianguka saa tisa alasiri. Miaka ishirini na miwili nimekuona ukideki, unakausha kwa tambara, kisha unapiga magoti unapapasa kila kidato kwa kiganja, na nikanyamaza. Naona aibu, mwanangu, hata kukutazama naona aibu. Nilisema nitakuambia ukimaliza shule, nikasema ukiolewa, nikasema ukijifungua salama, na leo nakuambia kwa kuwa daktari amenihesabia siku, si kwa kuwa nimepata ujasiri.

Mjomba wenu naye hakuwatupa. Alinikuta naupandisha ule ubao darini mwa karakana, akasoma ile penseli, akasema, "Shemeji, sitaketi tena kwako mpaka watoto uwaambie kweli." Nikamfukuza, kisha nikawaambia nyinyi kwamba ana kiburi. Mwiteni, mwombeni radhi kwa niaba yangu. Na wewe mkubwa, siku ile ulipotaka kutengeneza kishikio kingine nikakufokea mbele ya mkeo, hukuwa na kosa. Kukifunga kungekuwa kukiri, na mimi sikutaka kukiri.

Niinueni kidogo. Hivyo... basi.

Msingoje nife. Mkishaniona nimekufa mtakimbizana na jeneza, na kishikio kitakaa tena. Nendeni sasa hivi, kaka wawili, kauteremsheni ule ubao, ufuteni vumbi, muufunge kwa skrubu, si misumari. Hiyo penseli... msiifute. Nataka nisikie mkikifunga. Na siku ya kunishusha, mnishushe mkikishika.

Nendeni. Mungu awape mikono yenye baraka, na awape kusikia anayeomba kwa sauti ndogo.

Wewe baki. Nipe kiganja chako... hiki hiki. Usipapase tena. Ilikuwa kavu, mama. Ngazi ilikuwa kavu.