Gumba la Sindano

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na alasiri hiyo lilibeba watu watatu: kinyozi asiyezimika aliyeitwa Redio, muuza kuku aliyeitwa Bucha, na katikati yao fundi cherehani waliyemwita Sindano, gumba lake la kulia limeviringishwa bendeji. Mkasi ulikuwa umeteleza ukakata mshipa wa fahamu. Tangu hapo gumba halikujua hariri wala gunia, na fundi asiyehisi kitambaa anashona kwa kubahatisha. Kesho asubuhi angefanyiwa upasuaji. Daktari kijana alikuwa amemwambia ukweli: Sindano ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza kushonwa na daktari huyo, mwalimu wake akitazama tu. Akitaka mwalimu ndiye ashone, aseme kabla ya jioni. Sindano alijawa na hofu.

— Huyo daktari kajifunzia wapi? akauliza Redio.

— Kwenye mirija myembamba ya mpira, halafu mapaja ya kuku, akajibu Sindano. Anachungulia kwenye hadubini, anaunga mishipa kwa uzi usioonekana kwa macho.

Bucha akashtuka.

— Kumbe ndiye yule binti! Kila siku mapaja mawili, na kila siku ananibembeleza nisiyakate. Nikadhani anaona haya kunisumbua, nikawa namkatia vipande vinne vinne, tena kwa roho safi!

— Umemharibia mazoezi miezi mingapi? akauliza Sindano.

— Mmoja tu. Baadaye akaanza kuchukua kuku mzima.

— Basi anajua kuku, akasema Redio. Akikuunga, gumba litaanza kuparua mchanga.

— Acha utani.

— Utani gani? Siku hizi hata rubani hujifunzia kwenye kiti kisichopaa. Bado kinyozi wa kujifunzia kwenye nazi.

— Wewe ulijifunzia wapi? akauliza Bucha.

— Kwa mdogo wangu. Hadi leo anavaa kofia.

Wakacheka wawili. Sindano hakucheka.

— Nyie chekeni. Gumba hili ndilo linalosomesha wanangu.

Mama mmoja aliyekuja kuulizia sare ya mwanawe alikuwa amesimama pembeni muda wote huo. Akauliza taratibu:

— Fundi, nguo yako ya kwanza aliivaa nani?

Sindano akakumbuka alivyoanza ufundi. Mwaka mzima alikuwa ameshona karatasi bila uzi, mpaka siku shangazi yake alipomletea kitambaa kipya. Gauni likatoka bega moja juu, jingine chini. Shangazi akalivaa harusini, akacheza nalo hadi mwisho, na kila aliyeuliza akamjibu kwamba ni mshono mpya. Machozi yakamlengalenga Sindano. Alimkumbuka sana.



Sindano akabonyeza simu kwa mkono wa kushoto, sauti ikasikika benchi zima.

— Daktari, ni mimi wa gumba. Naogopa, sikufichi. Lakini kesho ushone wewe.

Sauti ya yule binti ikajibu:

— Asante, baba. Basi kula mapema, ulale. Na mimi nazima hadubini sasa hivi, nikapumzike.